Mbona si kama zamani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vyakula vya pakiti na vya haraka

Nimekuwa nyuma ya kaunta ya duka hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20. Maswali haya nayapata kwa wateja, kwa wapwa zangu wanaosoma Nairobi, na kwa jamaa walioko Muscat na London ambao wakija likizo hununua soda, wakapiga funda moja, kisha wakaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeipika. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo nayaweka kwa maandishi.

Mbona pakiti imepungua na bei ni ileile?

Hili naulizwa kila wiki, na jibu lake liko kwenye sarafu. Biskuti za watoto na peremende huuzwa shilingi 5, 10 au 20 kwa sababu mtoto hutumwa dukani na sarafu moja mkononi. Ngano ikipanda, sukari ikipanda, kampuni haiwezi kuniambia niuze biskuti kwa shilingi 5 na senti 70. Senti hizo hazipo mfukoni mwa mtu yeyote. Bei ikiruka kutoka 5 hadi 10, imekuwa maradufu, na mtoto ataenda kununua kashata kwa mama wa jirani. Basi bei inafungwa na sarafu, na kinachobaki cha kusogezwa ni uzito. Tanzania ni hivyohivyo na shilingi zao 100, 200 na 500.

Nieleze yaliyonipata mwenyewe. Kuna biskuti moja, jina nitaliacha, iliyokuwa na vipande 10 tangu nianze kuiuza. Siku moja mama mmoja akanirudishia pakiti, mbele ya watu, akisema nimeifungua nikala kimoja nikaifunga tena kwa mshumaa. Niliumia sana. Nikatoa katoni ambayo haijaguswa, nikaikata utepe mbele yake, tukafungua pakiti tatu na kuhesabu pamoja juu ya kaunta. Tisa, tisa, tisa. Karatasi ilikuwa ileile, rangi ileile, na urefu wa pakiti haukupungua hata kidogo, kwa sababu kile kitrei cha plastiki cha ndani kilikuwa kimeongezwa mkunjo mwishoni, pale kipande cha 10 kilipokuwa kikikaa. Uzito mpya uliandikwa, ndiyo, kwa herufi ndogo nyuma, karibu na mshono. Kisheria hawakukosea, lakini mimi ndiye niliyeitwa mwizi.

Si huku kwetu tu. Mwaka 2016 Toblerone, chokoleti ya Uswisi yenye vilima vya pembe tatu, iliongeza nafasi kati ya kilima na kilima kwa mapande fulani yaliyouzwa Uingereza. Pande la gramu 400 likawa 360, na la 170 likawa 150. Waingereza walipiga kelele mwezi mzima. Mwaka 2018 umbo la zamani likarudi kwa pande dogo, likiwa na uzito mkubwa zaidi na bei ya juu. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2024 maduka makubwa yanatakiwa kubandika tangazo kwa miezi miwili karibu na bidhaa iliyopunguzwa kipimo bila kupunguzwa bei. Ningependa sana sheria kama hiyo ifike kwetu, kwa sababu mwenye kulaumiwa wa kwanza huwa ni muuza duka.

Kimbo ya leo ndiyo Kimbo ya nyanya yangu?

Jina ndilo, mwenyewe siye. Kimbo na Cowboy zilitengenezwa Nairobi na East Africa Industries, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever na baadaye ikaitwa Unilever Kenya. Mwaka 2002 Unilever iliuza biashara hiyo ya mafuta kwa Bidco ya Thika. Bidco, iliyoanzishwa na Bhimji Depar Shah, ilikuwa ndiyo mshindani aliyekuwa akiwasumbua sokoni. Mdogo akayanunua majina ya mkubwa. Asubuhi iliyofuata kopo likawa bado linaitwa Kimbo, na akina mama wengi hadi leo hawajui kuwa lilihama nyumba.

Jambo la kuvutia ni kwamba mwaka huohuo wa 2002, kule Marekani, Crisco nayo ilihama. Crisco ilianza 1911, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa kutiwa haidrojeni, na ndiyo babu wa mafuta yote ya kopo duniani. Procter & Gamble waliiachia kwa J.M. Smucker. Wakubwa wa sabuni na mafuta walikuwa wakijiondoa kwenye mafuta ya kupikia kwa wakati mmoja, kwa sababu faida yake ni nyembamba, na sabuni ya unga na dawa ya nywele zinalipa zaidi.

Na yaliyomo ndani? Mafuta ya kopo ya zamani yaligandishwa kwa haidrojeni. Njia hiyo isipokamilishwa huzalisha kile wataalamu wanachokiita mafuta ya transi, ambayo yamethibitishwa kudhuru moyo. Denmark iliweka kikomo mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe kwenye vyakula dunia nzima. Viwanda vingi vimehamia mafuta ya mawese, ambayo sehemu yake huganda yenyewe bila haidrojeni. Kwa hiyo mtu akiniambia mafuta ya siku hizi yanayeyuka upesi, au hayaachi ladha ileile kwenye chapati, simwambii anaota.

Naongeza kitu nilichokiona kwa macho. Zamani kopo lilikuwa la bati. Kopo la kilo 2 likiisha mafuta halikutupwa. Lilioshwa kwa maji moto na majivu, likaenda sokoni, likawa gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe. Wakulima wengi wa bara walipima mavuno yao kwa kopo lililoachwa na kiwanda. Kopo likawa la plastiki, lakini gorogoro haikufa, ila sasa mjanja huiweka juu ya moto kidogo, akaisukuma kitako kiingie ndani, nawe mnunuzi unapoteza kiganja kizima cha maharagwe. Tazama kitako cha gorogoro kabla hujamwaga pesa.

Blue Band je? Nayo imeuzwa?

Ndiyo. Unilever iliuza biashara yake ya siagi za mimea kwa kampuni ya uwekezaji ya KKR, na biashara hiyo ikakamilika 2018. Ikaitwa Upfield, na tangu 2024 inaitwa Flora Food Group. Mkebe unabaki wa manjano na buluu. Kwetu "bluband" limekuwa jina la kila kitu cha kupaka mkate, kama vile "bigijii" lilivyokuwa jina la kila ubani wa kutafuna. Chapa ikifika hapo mwenye nayo hathubutu kuibadili jina, hata akiinunua mara kumi.

Ni ulimi wangu umezeeka au ladha imebadilika kweli?

Yote mawili hutokea. Ulimi wa mtoto hupenda utamu mwingi kuliko wa mtu mzima, na soda uliyopewa siku ya Idi baada ya kuisubiri mwezi mzima haitakuwa sawa na unayokunywa kila siku mchana. Ila usijilaumu haraka. Mara nyingi kiwanda kimebadili kitu na kikanyamaza.

Mfano ninaoupenda ni wa makaroni ya jibini ya Kraft, chakula cha kila nyumba Marekani, chenye rangi kali ya machungwa. Wazazi walilalamikia rangi za kiwandani. Mwaka 2015 kampuni ilitangaza itaziondoa. Ilipofika Desemba, ikaanza kuuza mapishi mapya katika boksi lilelile bila kupiga tarumbeta. Machi 2016 ndipo ikasema: mmeshanunua maboksi zaidi ya milioni 50 na hamkutambua. Walichotia mahali pa rangi ya kiwandani ni paprika, anato, na manjano. Manjano haya haya ya pilau na mchuzi wa samaki.

Kwa nini soda ya Marekani si kama ya kwetu?

Kwa sababu ya sukari. Coca-Cola ya huku hutiwa sukari ya miwa. Marekani, viwanda vya kujaza soda viliruhusiwa kuanza kutumia shira ya mahindi mwaka 1980, na kufikia mwisho wa 1984 walikuwa wameruhusiwa kuacha sukari kabisa. Sababu haikuwa ladha. Serikali yao imezuia sukari ya nje kwa kodi na mgao, hivyo sukari ni ghali, na mahindi wanayo ya kumwaga. Wamarekani wenyewe hununua Coca-Cola ya chupa kutoka Mexico kwa bei ya juu ili waipate ya miwa.

Halafu kuna mjazaji. Makao makuu ya Atlanta hayajazi soda ya Moshi. Kampuni hutuma kiini cha ladha tu. Maji, sukari na gesi hutiwa kwenye kiwanda cha hapa. Moshi kuna Bonite, Mwanza kuna Nyanza, na kila kiwanda kina maji yake na mitambo yake. Wote wanafuata kipimo kimoja, lakini mtu wa Arusha akiniambia soda ya kwao ni kali kuliko ya Mombasa, mimi humsikiliza. Chupa ya kioo nayo haipitishi gesi, na ya plastiki huipitisha polepole. Soda ya plastiki iliyokaa miezi kwenye ghala la joto la Pwani imepoa makali yake kabla hujaifungua. Ukitaka kulinganisha, linganisha kioo kwa kioo, zote zikiwa baridi sawasawa.

Fanta si ya machungwa tangu mwanzo?

Hapana. Ilizaliwa Ujerumani mwaka 1940, wakati wa vita, kiini cha Coca-Cola kilipokatika. Max Keith, aliyesimamia kiwanda cha huko, akatengeneza kinywaji kutokana na masalia: makapi ya tufaha yaliyobaki baada ya kukamuliwa na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Ya machungwa ilitoka Naples, Italia, mwaka 1955. Ladha ya pasheni tunayoijua huku ni mjukuu wa mbali sana.

Kampuni ikibadilisha mapishi, inaweza kurudi nyuma?

Inaweza, wakisikia kelele za kutosha. Tarehe 23 Aprili 1985 Coca-Cola ilibadili mapishi yake ya karibu miaka 100. Pepsi ilikuwa ikiwasogelea, na katika majaribio ya kuonja watu wengi walipendelea mapishi mapya, matamu zaidi. Majaribio hayakuwa ya uongo. Kasoro yake ni kwamba mtu alionjeshwa kikombe kidogo na kuulizwa kipi kitamu, hakuulizwa angejisikiaje kile cha zamani kikiondolewa. Simu za malalamiko zikamiminika. Baada ya siku 79, tarehe 11 Julai, ya zamani ikarudi kwa jina la Coca-Cola Classic.

Mimi nalisoma tukio hili kama muuza duka. Mteja anayeniuliza "ile ya kawaida ipo?" haulizi utamu. Anauliza kama kile alichozoea kingali mahali pake.

Kwa nini wazee wanasema chipsi za McDonald's zilikuwa bora?

Afrika Mashariki haina McDonald's hata mmoja, lakini jamaa wa Minneapolis na Toronto wananiuliza, basi nijibu. Chipsi zile zilikaangwa kwa mafuta ambayo zaidi ya asilimia 90 yalikuwa shahamu ya ng'ombe. Ndiyo iliyozipa ladha na ule ukavu wa nje unaovunjika. Mfanyabiashara mmoja wa Omaha, Phil Sokolof, aliyenusurika ugonjwa wa moyo, alitumia mali yake kununua kurasa nzima za magazeti kuzishambulia kampuni za chakula kwa ajili ya mafuta hayo. Mwaka 1990 McDonald's ikahamia mafuta ya mimea.

Hapo hadithi inaanza kunihusu zaidi. Wahindu na wasiokula nyama wa Marekani walifurahi, wakaanza kula, kwani waliambiwa ni mafuta ya mimea matupu. Miaka ikapita ndipo ikafahamika kwamba chipsi bado zilitiwa ladha ya ng'ombe kiwandani, kabla ya kugandishwa na kupelekwa mikahawani. Kesi ikafunguliwa 2001, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 10 kwa mashirika ya Wahindu, ya wasiokula nyama na wengineo, na kuomba radhi. Kwa mtu wa dini yoyote yenye mipaka ya chakula, hili si jambo dogo. Neno "mimea" kwenye tangazo lilizungumzia mafuta ya kukaangia, halikuzungumzia kiazi.

Na mafuta ya mimea yaliyochukua nafasi ya shahamu yalikuwa yale yaliyotiwa haidrojeni, yenye transi. Ikabidi nayo yaondolewe, na kufikia 2008 yalikuwa yametoka kwenye chipsi zao Marekani. Mapishi matatu kwa miaka 18, chini ya jina moja.

Kwa nini KFC ya Kenya iliwahi kukosa chipsi na viazi vimejaa sokoni?

Hili liliwauma Wakenya. KFC ilifungua duka lake la kwanza Nairobi mwaka 2011. Januari 2022 wateja wakaambiwa hakuna chipsi, kwa sababu meli zilizobeba viazi zilichelewa, enzi zile za korona. Ndipo wengi wakajua kwamba chipsi wanazokula zilitoka nje, tayari zimekatwa na kugandishwa, huku wakulima wa Nyandarua wakiuza gunia kwa bei ya kutupa. Watu wakaitana mitandaoni waisusie. Kampuni ikaeleza kwamba viazi vya hapa vilikuwa havijapita utaratibu wake wa ubora, kisha ikaahidi kutafuta wakulima wa ndani.

Nasema haki: ugumu upo. Kiazi kinachopendwa na wakulima wetu, Shangi, hukomaa upesi na huiva haraka kwenye sufuria, ila huchipua mapema kikihifadhiwa. Kiwanda cha chipsi za kugandisha kinataka kiazi kirefu, chenye sukari kidogo ili kisiwe cheusi kwenye mafuta, na kinachokaa ghalani. Mbegu hizo zipo duniani na zinaweza kulimwa Kenya. Lakini miaka zaidi ya 10 ilikuwa imepita tangu duka la kwanza lifunguliwe, na muda huo ulitosha kumtayarisha mkulima. Hapo siwezi kuwatetea.

Na yule mzee wa KFC, alikuwa mtu kweli?

Kweli kabisa. Harland Sanders alikaanga kuku Corbin, Kentucky. Mkahawa wa kwanza kupewa ruhusa ya kutumia mapishi yake ulikuwa wa Salt Lake City, mwaka 1952. Mwaka 1964 aliuza kampuni kwa dola milioni 2, akabaki kuwa uso wake wa matangazo. Ikapita mikono ya Heublein, R.J. Reynolds wa sigara, kisha PepsiCo, hadi hii kampuni ya leo ya Yum.

Mzee hakunyamaza. Alizunguka mikahawani, akaonja, na akasema wazi gazetini mwaka 1975 kwamba mchuzi wao mzito umeharibiwa hadi kuwa kama gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Wenye mkahawa mmoja wa Kentucky wakamshtaki, wakashindwa. Picha yake imebaki kwenye kila boksi. Mimi kila nikiiona hukumbuka kwamba mtu huyo alikufa 1980 akiwa ameukana mchuzi unaouzwa kwa sura yake.

Maziwa ya pakiti ya pembe tatu yalikwenda wapi?

Wakenya wa umri wangu huuliza hili huku wakitabasamu. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule za msingi enzi za Rais Moi, yalianza 1979, na pakiti ile ilikuwa piramidi ndogo ya karatasi, kazi ya kampuni ya Tetra Pak ya Uswidi, ambayo ilianza na umbo hilo hasa miaka ya 1950. Ulikata ncha kwa meno. Ukikosea, maziwa yakakurukia kifuani, nawe unanuka mtindi hadi jioni.

Umbo lile lilitumia karatasi kidogo, ndiyo faida yake. Hasara ni kwamba piramidi hazipangiki vizuri kwenye rafu wala kwenye boksi la mraba; zilitaka kreti maalumu. Pakiti ya mstatili ikashinda kwa sababu ya lori na rafu. Ladha haikuhusika kabisa.

Kwa nini wanabadilisha picha na nembo wakati kilichomo ni kilekile?

Wakati mwingine kuna sababu ya haki. Marekani, unga wa chapati za maji wa Aunt Jemima uliobeba sura ya mtumishi mweusi ulibadilishwa jina mwaka 2021 kuwa Pearl Milling Company. Ilikuwa imechelewa sana. Wakati mwingine ni sheria: Toblerone ilipohamishia sehemu ya utengenezaji Slovakia, mwaka 2023 ikalazimika kuondoa mlima Matterhorn kwenye karatasi, kwani Uswisi haikuruhusu alama zake za taifa kwenye kitu kisichotimiza masharti ya kuitwa cha Uswisi.

Na wakati mwingine ni hamu tu ya meneja mpya. Januari 2009 juisi ya Tropicana iliondoa chungwa lake lililochomwa mrija ikaweka picha ya glasi. Wanunuzi hawakuiona rafuni. Mauzo yakashuka kwa karibu asilimia 20 katika wiki chache, na chungwa likarudishwa. Wateja wangu wengine hawasomi. Wanasema "nipe ile ya kuku", "nipe ile yenye nyota". Ukiondoa kuku, umeondoa jina.

Sheria inaweza kubadili ladha?

Upesi kuliko chochote. Uingereza ilipoweka kodi ya sukari kwenye soda, Aprili 2018, soda ya Waskoti inayoitwa Irn-Bru ilishushwa kutoka gramu 10.3 za sukari kwa mililita 100 hadi 4.7, chini kidogo ya mstari wa gramu 5 ambapo kodi inaanza. Watu walijaza magareji yao kwa makopo ya zamani.

Kwetu sheria imeongeza badala ya kupunguza: Kenya tangu 2012 unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani, pamoja na mafuta ya kupikia, hutakiwa kutiwa vitamini na madini. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote.

Chapa za hapa nyumbani nazo hubadilika?

Sana. Java House ilianza Nairobi 1999 kama mkahawa wa kahawa. Mwaka 2012 ikaingia mikononi mwa kampuni ya uwekezaji ya ECP, 2017 ikawa ya Abraaj ya Dubai, na Abraaj ilipoporomoka ikachukuliwa na Actis mwaka 2019. Kampuni za namna hii hununua ili ziuze, hivyo kila mmoja huja na hesabu zake: matawi mangapi yafunguliwe, sahani ipi iondolewe.

Azam ni njia nyingine. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam miaka ya 1970. Chapa haikuuzwa kwa mtu, ilitanuka. Unga, mikate, aiskrimu, juisi, kisha boti ya kwenda Zanzibar, timu ya mpira na televisheni. Mtoto wa leo Unguja huijua Azam kama chombo cha bahari kabla hajajua ni ngano.

Nitajuaje kwamba kitu kimebadilika?

Angalia uzito halisi, si ukubwa wa pakiti. Kisha orodha ya viambato: huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kwanza. Ikiwa juisi ya embe inaanza na maji, kisha sukari, na embe ni la tatu, umeshapata jibu. Orodha ikibadilika mpangilio, mapishi yamebadilika, hata kama mbele pameandikwa "ladha ileile". Tatu, jina la mtengenezaji na mahali, chini kabisa. Alama ya KEBS au TBS, mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania, inakuambia bidhaa imekubaliwa, haikuambii kwamba ni ile ya mwaka jana. "Mapishi mapya, bora zaidi" soma mara mbili, kisha geuza upande wa pili uangalie gramu.

Nikilalamika, kuna atakayenisikia?

Waliolalamika 1985 walisikiwa. Waskoti wa Irn-Bru nao baadaye walitengenezewa toleo linaloitwa 1901, la mapishi ya kale na sukari yake kamili. Viwanda vya hapa huandika namba ya simu kwenye pakiti, na huwa inapokelewa. Kuwa na ushahidi: karatasi ya zamani na mpya, tarehe za kutengenezwa, na uzito wa zote mbili. Mimi nilipoitwa mwizi kwa ajili ya kile kipande cha 10, niliwapigia, nikawasomea namba za katoni mbili, na mwakilishi wao alikuja dukani wiki iliyofuata. Kipande hakikurudi. Lakini pakiti zilizofuata ziliandikwa uzito mbele, kwa herufi ninazoweza kuzisoma bila miwani, na yule mama nilimwonyesha. Karatasi zile bado ninazo kwenye boksi chini ya kaunta, na mizani iko juu yake. Mwenye shaka na pakiti yake aje nayo tuipime.